Mwonjaji wa Lubangwe

Tusekile Mwambene aliyazungusha maji mdomoni, akayarudisha nyuma mpaka kwenye shina la ulimi, akayatuliza hapo kidogo, halafu akayatema.

Pale juu ya Tangi Kuu la mji, mlinzi aliyekuwa akimsimulia mwenzake habari za mpira aliacha sentensi ikining'inia. Tangu Tusekile aanze kazi ya uonjaji, alikuwa hajatema pale hata mara moja. Kila asubuhi alipanda kile kilima na sweta lake zito, akakinga kikombe kwenye bomba la kuonjea, akanywa, akasema, "Maji ni salama," na hapo ndipo koki kubwa ilipofunguliwa na mji wa Lubangwe ukapata chai yake. Watu walikuwa wameshamzoea kiasi cha kutomtazama tena. Sasa walimtazama.

"Huenda ni kikombe," alisema Daktari Ambakisye, mkemia wa Mamlaka ya Maji, mtu mrefu aliyependa kusimama mikono ikiwa mgongoni. "Hebu tukisuuze."

Kikombe kikasuuzwa. Tusekile akaonja tena, akatema tena.

"Kuna nini?"

"Sijui, Daktari. Sijawahi kukutana nacho. Ni kama mpira uliolala juani, halafu nyuma yake kuna utamu. Utamu mbaya." Akajifuta midomo kwa kiganja. "Siwezi kumeza."

Mlinzi wa koki alishusha mikono. Hakuhitaji kuambiwa. Mwonjaji akisema hawezi kumeza, koki haifunguliwi, hata aje nani.

Sheria hiyo ilizaliwa makaburini. Tusekile alipokuwa msichana, maji ya Lubangwe yalipimwa na vihisio vilivyofungwa ndani ya mabomba, vikituma majibu ofisini vyenyewe. Mtu fulani, ambaye hakupatikana mpaka leo, aliviingilia kutoka mbali. Skrini ziliendelea kuwaka kijani huku mtaa mzima ukinywa maji ya kuoshea ngozi za kiwandani. Baada ya mazishi watu walikataa kuamini taa tena. Walitaka koo la mtu. Ikatungwa Sheria ya Koo: maji ambayo mwonjaji hajayameza mbele ya mashahidi yasifike bombani.

Na ili koo hilo lijue linachokimeza, madaktari walichukua chembe za sharubu za kambare, yule samaki anayeishi topeni na kuonja kila kinachopita bila kuhitaji macho, wakazikuza pamoja na chembe za Tusekile mwenyewe, kisha wakampandikizia chini ya ulimi. Kilikuwa kijinyama kidogo tu, ukubwa wa punje ya mahindi. Kwa kijinyama hicho angejua hata panya akifia kwenye chemchemi. Kwa hicho hicho hakuweza tena kula kitunguu, wala kunywa chai bila kuionja na sufuria iliyochemshiwa. Wenzake wawili walioanza naye, vijinyama vyao vilinyauka kwa umri, wakastaafu. Mji ukabaki na koo moja.

Mitambo ya maabara ilisema maji ni safi. Daktari Ambakisye alirudia vipimo, akabadilisha dawa za kupimia, akarudia tena, mpaka jasho likamtoka na baridi yote ile ya Lubangwe.

"Mtambo unajibu swali uliloulizwa," alisema hatimaye. "Ukiuuliza kama kuna zebaki, utakwambia. Lakini kitu kisichokuwa na jina, utakiulizaje? Mimi nakuamini wewe."

"Afadhali usingeniamini," alisema Tusekile.

Mkurugenzi wa Mamlaka, Bi. Salome Kyando, aliwasikiliza amesimama dirishani. Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Mashamba ya viazi kwenye miteremko yalikuwa yamekauka, na huko chini, kwenye mitaa ya Mabondeni, kijito kilipita kati ya vyoo kama uzi mchafu.

"Nikifunga, watu watakwenda kijitoni," alisema. "Unakijua kile kijito, Tusekile. Umeshawahi kukionja."

"Nakijua, Mama Mkurugenzi."

"Kuna kipindupindu mle. Kinasubiri tu."

"Najua. Ningekuwa na namna ya kumeza, ningemeza."

Bi. Salome alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa haki. Hata wasiompenda walikiri hivyo. "Basi nafunga," alisema. "Ndiyo maana mliwekwa. Lakini nitafutieni haraka ni kitu gani."

*

Wakakifuata kitu hicho kwa miguu. Bomba kuu lilitoka chemchemi ya msituni, juu kabisa ya mlima, likashuka kilomita nyingi kati ya mianzi mpaka Tangi Kuu. Tusekile na Daktari Ambakisye walilipanda, wakisimama kila penye kifuniko cha ukaguzi. Daktari alichota, Tusekile akaonja na kutema. Kadiri walivyopanda, ile ladha ilipungua. Walipofika chemchemini, maji yalitoka chini ya mawe yakiwa na ladha ya mawe tu, baridi na mwanga, na Tusekile akanywa mpaka tumbo likamuuma.

"Basi si chemchemi," alisema Daktari.

"Ni bomba."

Lubangwe ilijivunia mabomba yake. Yale ya chuma ya zamani yalikuwa yamepakwa ndani kitu kilichoitwa ngozi: utando hai uliopuliziwa kutoka mwanzo hadi mwisho wa mtandao wote, mpaka ndani ya nyumba za watu. Bomba likipata ufa, ngozi ilijikunja na kuziba kama kidonda kinavyopona. Miji mingine ilipoteza nusu ya maji yake ardhini. Lubangwe haikupoteza tone. Watoto walifundishwa jambo hilo shuleni.

Daktari alikata kipande cha bomba akakipeleka maabara. Kukipa jina kilichokuwa kikitoka mle kulihitaji muda. Na mji haukuwa na muda.

Mwanzoni watu walivumilia kwa heshima. Walijipanga kwenye maboza yaliyoleta maji ya chemchemi, wakamsalimu Tusekile njiani kwa adabu zaidi kuliko zamani. "Umetuokoa, dada," mwanamke mmoja alimwambia akimshika mikono yote miwili. Lakini maboza yalikuwa machache na barabara ya mlimani ilikuwa mbaya. Vidonge vya kutibu maji vikagawiwa, vikaisha. Waliokuwa na mkaa walichemsha. Waliokuwa hawana walichota kijitoni, wakaacha maji yatuame, wakanywa yaliyo juu.

Kipindupindu kilianzia Mabondeni, kikapanda na barabara.

Mdogo wake Tusekile, Sekela, aliishi huko na mumewe Gwamaka na binti yao mdogo, Ikupa. Sekela alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka. Gwamaka alikuwa mfyatua matofali, mtu wa kucheka sana, ambaye alikuwa akimtania shemeji yake kwamba ipo siku atampikia mboga yenye vitunguu kwa siri, aone kama mji utafungwa. Kila jioni alichemsha maji ya mke na mtoto kwa kuni za tanuri lake. Ya kwake aliyanywa bila kuyachemsha, huko huko kazini, juani, kwa kopo la kuchotea udongo, kwa sababu kuni hazikutosha watu wote na yeye alijiona ana mwili mgumu.

Alianza kuharisha asubuhi. Sekela alipompata mtu wa kumbeba kwa baiskeli, macho yalikuwa yameshaingia ndani. Tusekile alifika kwenye mahema ya wagonjwa, uwanja wa mpira, jua likiwa bado juu, akakuta wauguzi wanamfunga shemeji yake kwenye plastiki.

Hawakuruhusiwa kumwosha. Walisimama mbali, nyuma ya kamba, wakaangalia watu waliovaa mabuti wakimshusha kaburini na kumwaga dawa juu yake. Sekela hakupiga kelele. Alimshika Ikupa mkono, mkono mwingine uko chini ya tumbo lake.

Walipofika nyumbani alikaa kwenye kigoda, akasema, "Dada, nikuulize kitu. Usinifiche."

"Uliza, mdogo wangu."

"Yale maji ya tangi uliyoyatema. Gwamaka angeyanywa, angekuwa amekufa leo?"

Tusekile alitafuta mahali pa kuweka macho. "Leo, hapana."

"Na kesho?"

"Hapana."

Sekela alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya mahali pa mbali. Hakumlaumu. Aliinuka akaenda kuchochea moto, na Tusekile akatamani mno kwamba angemlaumu.

*

Daktari Ambakisye alimwita maabara. Alikuwa hajanyoa ndevu kwa muda mrefu. Mezani palikuwa na kile kipande cha bomba, kimepasuliwa kwa urefu. Ndani yake ngozi, iliyopaswa kuwa nyeupe kama utando wa yai, ilikuwa imegeuka njano na kuanza kumenyeka.

"Imezeeka," alisema. "Walituahidi ingeishi kutuzidi sisi. Inavyooza inatoa kitu, na kitu chenyewe kinaenda kwenye figo. Hakitoki. Nimewaweka vifaranga vya samaki kwenye maji hayo: wanaogelea, wanakula, ukiwatazama utasema wako salama. Ukiwapasua, figo zimekakamaa kama kokwa."

"Kwa binadamu?"

"Miaka kumi. Ishirini. Wengine pengine hawatadhurika kabisa, sijui. Mtoto aliye tumboni..."

"Tukichemsha?"

"Kitazidi kukolea."

"Kuchuja?"

"Kinapita."

"Basi tung'oe mabomba."

"Tutang'oa. Mama Mkurugenzi ameshaanza kuwalilia wizarani. Lakini ni mji mzima, Tusekile, chini ya kila barabara, ndani ya kila ukuta. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa amefika kidato cha nne kabla hatujamaliza."

Tusekile alikigusa kile kipande cha ngozi kwa kidole. Kilikuwa laini, chenye uvuguvugu kidogo, kwa sababu kilikuwa bado hai.

"Basi tuwaambie watu ukweli," alisema. "Tufungue, tuwaambie, maji haya yana ubaya, lakini ubaya wake uko mbali; kijito kinawaua leo. Ni watu wazima. Watachagua."

"Nilisema hivyo hivyo," alijibu Daktari. "Nenda kwanza ukaone mahema."

Akaenda. Hema la akina mama lilinuka klorini na matapishi. Kwenye mkeka wa mwisho mwanamke kijana alikuwa amempakata mtoto aliyelegea, midomo imekauka. Muuguzi alichuchumaa mbele yake na jagi la maji ya chumvi na sukari.

"Mama, mpe hata kijiko. Kijiko kimoja tu."

"Mmeyachanganya na maji gani?"

Muuguzi alisita, na kusita huko kukatosha. Boza la hospitali lilikuwa halijafika tangu jana. Kwa ruhusa maalumu walikuwa wamechota kwenye tangi.

"Ya tangini," mwanamke alisema. "Mwonjaji mwenyewe aliyatema. Mtu mzima, aliyefunzwa kazi hiyo, ameyatema. Mimi nimpe mwanangu?"

"Hayatamdhuru sasa hivi. Anahitaji maji, mama, maji yoyote."

Mwanamke alilipiga jagi kwa nyuma ya mkono. Likamwagika kwenye mkeka, likatengeneza njia mpaka kwenye viatu vya Tusekile.

Tusekile alipiga magoti. "Mama, mimi ndiye mwonjaji. Ndiye niliyeyatema. Nakuambia mpe."

Mwanamke alimtazama usoni kwa makini. Kisha akachukua kikombe kilichokuwa na mabaki chini yake, akamnyooshea. "Kunywa wewe kwanza. Meza, nikuone."

Tusekile alikipokea. Ile ladha ilimfikia hata kabla ya midomo kugusa, mpira na utamu, na koo lake, lililofunzwa kwa miaka kukataa lisichokijua, likajifunga lenyewe. Alisukuma. Alisukuma tena. Maji yakarudi, yakamtoka puani, akakohoa mbele ya hema zima.

Mwanamke alimfunika mtoto wake kanga, akageukia ukuta wa turubai. Alikuwa bado amekaa hivyo hivyo muuguzi alipokuja kuutoa mwili wa mtoto mikononi mwake, saa ya watu kula chakula cha mchana.

*

Bi. Salome Kyando hakumwita ofisini. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Tusekile, bila dereva, akakaa kwenye kochi na kukataa chai.

"Nimeomba kibali cha kufungua maji kwa tahadhari," alisema. "Wamenijibu kwamba sheria haina kitu hicho. Mwonjaji amemeza au hajameza. Katikati hakuna. Na hata wangenikubalia, umeona mwenyewe kule kwenye mahema. Ukiwaambia neno moja la shaka, watarudi kijitoni."

"Nimeona."

"Sikuombi kitu, Tusekile. Sheria inanikataza hata kukuomba. Wenzetu walioiandika walimwogopa mwonjaji aliyehongwa, atakayesema maji mabaya ni mazuri ili mtu anufaike. Hawakumfikiria mtu kama wewe." Akavua miwani, lakini safari hii hakuifuta. "Nimekuja kukaa nawe kidogo tu."

Wakakaa. Nje magari ya wagonjwa yalipita, moja, kisha jingine.

"Nikimeza," alisema Tusekile, "lini tutawaambia?"

"Kipindupindu kikiisha."

"Siku hiyo wataacha kunywa, watarudi kijitoni, kitaanza upya."

"Ndiyo."

"Basi hakuna lini."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa, na Tusekile akaona kwamba mama huyu, aliyezoea kuwa na la kusema mbele ya mawaziri, hakuwa amekuja kushawishi. Alikuwa amekuja kwa sababu hakujua pa kwenda.

Baada ya Mkurugenzi kuondoka, Tusekile alimimina kikombe cha maji ya tangi kutoka chupa ya maabara, akafunga mlango, akajizoeza. Mara ya kwanza yalirudi. Mara ya pili yakarudi. Alijibana pua, akafikiria chai ya utotoni, ya kabla ya kupandikizwa, yenye tangawizi na maziwa mazito ya ng'ombe wa bibi. Alipokuja kufaulu, alibaki ameshikilia ukuta, machozi yakimtoka kama aliyekula pilipili. Hakulia. Yalikuwa ya mwili tu.

*

Walichagua uwanja wa soko, ambako kila mtu angeona. Bomba moja lenye maji ya tangini liliwekwa katikati, juu ya jukwaa la mbao. Watu walijaa mpaka kwenye mapaa ya vibanda. Wengi walikuwa na vitambaa vyeusi mkononi. Daktari Ambakisye alisimama pembeni ya jukwaa, mikono mgongoni, akitazama mbao. Asubuhi alikuwa amemwambia Tusekile kwamba angeondoka mjini asishuhudie. Hata hivyo alikuja.

Tusekile alikinga kikombe. Alihakikisha kimejaa, wasije wakasema amenywa kidogo. Aliyaweka mdomoni, akayazungusha kama siku zote, akayarudisha kwenye shina la ulimi. Koo lilijifunga. Akalisubiri. Mtu mmoja uwanjani alikohoa, akanyamazishwa.

Akameza. Akanywa kikombe chote, akakigeuza chini juu wauone utupu wake.

"Maji ni salama," alisema.

Mlio uliotoka kwa watu haukuwa wa furaha. Ulikuwa wa kuchoka. Wengine walikaa chini papo hapo. Wanawake walianza kusogea na ndoo, kwanza mmojammoja, kisha kwa msukumo, mpaka askari wakawapanga mstari. Koki za mji zilifunguliwa, na pembeni mwa soko, kwenye bomba lililokuwa limeachwa wazi tangu siku ya kufungwa, hewa ilikoroma, ikapiga chafya, maji yakaruka. Daktari Ambakisye alishuka jukwaani akapotea kati ya watu bila kumtazama.

Wa mbele kabisa katika mstari, kwa sababu watu walimpisha mjane mjamzito, alikuwa Sekela. Ikupa alikuwa ameshika upindo wa gauni lake.

Tusekile hakuwa amemwambia. Alikuwa amelifikiria jambo hilo njia nzima ya kwenda Mabondeni, akafika mpaka mlangoni kwa Sekela siku iliyopita, akarudi. Kumwambia mdogo wake peke yake, na wengine wote wenye matumbo kama lile wasiambiwe, aliona ni wizi. Na Sekela angemwuliza anywe nini badala yake, na jibu lilikuwa halipo.

Sekela alisimama karibu sana, akashusha sauti. "Dada, niambie mimi. Yamepona?"

"Umeniona nikinywa."

"Nimekuona." Macho yake yalibaki usoni mwa Tusekile, na kwa kitambo Tusekile aliamini kwamba anajua, kwamba kila kitu kimeandikwa pale usoni. Kisha Sekela akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu mazishi. "Basi nashukuru. Nimechoka kuwa na kiu."

Alikinga kwa viganja akanywa palepale, akakinga tena, akaweka viganja chini ya kidevu cha Ikupa. Mtoto alikunywa kwa pupa, maji yakimchuruzika shingoni.

"Matamu," alisema Ikupa.

Sekela akajaza ndoo. Alipoinama kuinyanyua alishika kiuno na kuguna. Watu nyuma yake walikuwa wanasubiri. Tusekile alishuka jukwaani, akaishika ndoo upande mmoja, mdogo wake akashika upande wa pili, wakaibeba kuelekea Mabondeni, wakitembea taratibu ili yasimwagike.